Dada Niliyemngoja Gatini

Jikoni kwangu hapa Nairobi, juu ya jiko la gesi, nimetundika kawa. Wageni wangu hudhani ni kofia, na mmoja aliwahi kuivaa ili apigwe picha. Nilimvua mwenyewe, na urafiki wetu ukapoa kidogo. Kawa ni kifuniko cha chakula, husukwa kwa ukindu, na hii yangu ina milia ya zambarau iliyopauka. Ukiisogeza puani utapata udi, samli, na ule ubaridi wa kuta za mawe ambao sijui unaitwaje. Tangu tumzike mama nimekuwa nikiinusa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Mtu mzima, funguo za gari mkononi, pua ndani ya kifuniko cha sinia. Ningemwona mwingine akifanya hivyo ningemcheka.

Ilitoka Lamu, kwenye kichochoro kimoja cha Langoni ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Baba alikuwa mwalimu wa jiografia na mama karani wa ofisi ya serikali, wote watu wa Kitui, na uhamisho ulitufikisha huko nikiwa sijaanza shule. Tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mawe. Mkabala na mlango wetu aliishi Bi Rukia, mjane mnene mwenye sauti ya kuamrisha, pamoja na mjukuu wake Swafiya, ambaye alikuwa rika langu.

Swafiya alikuwa rafiki yangu mpaka saa nane mchana. Saa nane watoto wote walikwenda chuo, ndivyo wanavyoita madrasa kule, na kichochoro kikabaki changu na paka. Nilikaa kwenye baraza ya daka letu, ukumbi mdogo wa mlangoni, nikiwasikiliza wakisoma kwa pamoja katika nyumba ya pembeni, sauti moja kubwa ya watoto wote niliowajua, na mimi simo. Jumapili tulikwenda kanisani, lakini kanisa letu lilikuwa la walimu, polisi na makarani, na ukishapata rafiki tu, babake anapewa uhamisho. Kaka sina, dada sina. Nyanya yangu, susu kama tunavyomwita kwetu, alikuwa huko bara, mbali kabisa. Nilizungumza na paka hata Bi Rukia akaniambia siku moja nitaamka nimeota masharubu, na kwa muda nikawa najipapasa mdomo kila nikiamka.

Hata nyumba nzima tulikuwa peke yetu. Watu walikuwa wapole, salamu hazikukosekana, lakini hakuna aliyepanda ngazi zetu. Kisa chake nilikuja kukijua baadaye. Ramadhani yetu ya kwanza Bi Rukia alimtuma Swafiya na sinia ya futari: mkate wa sinia, tambi, viazi vya nazi, vyote chini ya kawa. Mama alifurahi mno. Kesho yake aliosha vyombo vikang'aa, akavirudisha vitupu. Haukuwa uchoyo. Hata Kitui chombo cha jirani hakirudi kitupu, na mama alilijua hilo tangu utotoni. Ila alijiambia kwamba Waislamu hawali kilichopikwa kwenye sufuria ya Mkristo, na kuwapelekea kitu watakachokimwaga ni kuwatia aibuni. Basi akawaheshimu kwa kuwapa sahani tupu. Bi Rukia aliipokea heshima hiyo, akaitazama, akaifunika, na sinia haikuja tena.

Wazazi wangu hawakulalamika, kwa sababu walikuwa na kazi yao. Walikuwa wakiandika riwaya, mke na mume, kitabu kimoja. Habari yake ilikuwa ya nchi ya kesho, ambako vumbi limelifunika jua, maji hugawiwa kwa namba, na watu wamenyang'anywa majina yao. Kumwita mtu kwa jina lake ni kosa la kufungwa. Waumini wachache huyahifadhi majina hayo kichwani, na aliyebeba mengi kuliko wote ni msichana aitwaye Rehema, anayepita nyumba kwa nyumba na mtungi wa maji, akiwanong'oneza watu majina yao ili wasiyasahau. Baba aliniambia nilipokuwa mkubwa kwamba walichoshwa na mahubiri ya mwisho wa dunia yenye moto tu na meno kusagika. Walitaka kuandika giza ambalo msomaji akiingia ataikuta taa.

Kila jioni baada ya chakula mama alitandika blanketi mezani apige pasi, baba akafungua kompyuta yake nzito, wakaanza. Sura moja aliandika baba, sura ya pili mama. Baba ndiye mharibifu. Yeye ndiye aliyekausha visima na kuleta askari. Mama hakuruhusiwa kufuta alichoandika baba. Mumewe akifunga mlango, yeye atafute dirisha. Malaika walipigwa marufuku. Muujiza wa haraka haraka pia, maana mama alisema Mungu hana haraka nao wasimharakishe. Na mezani, wakati wa kula, ilikuwa lazima wawazungumze watu wa kitabu kama watu wa nyumbani, kwa sababu baba aliamini huwezi kumwandika mtu usiyeweza kula naye.

Sasa hebu jiweke kwenye kiti changu, miguu haifiki sakafuni. Baba anauliza Rehema amekula nini leo. Mama anasema hajala, askari wamefunga barabara, lakini amelala kwa yule mama kipofu. Baba anasema kesho hali itakuwa mbaya zaidi. Mama anaweka kijiko chini na kusema mtoto yule ana homa, asimtembeze tena usiku. Mimi nilikuwa nimeona wazazi wakizungumza hivyo juu ya mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa mimi mwenyewe nilipougua surua.

Jioni moja nilimuuliza mama Rehema ana umri gani.

"Kumi," alisema bila kuinua macho. "Mwezi wa nane atafika kumi na mmoja."

"Ni mtoto wa nani?"

Pasi ilisimama. Baba alicheka kule kwenye kompyuta akasema ni wetu, wa nani mwingine, na kwamba wanahangaika kumtoa Mji wa Vumbi lakini itachukua muda.

"Ni wetu," mama akasema, na akageuza shati upande wa pili.

Ningeelewaje vinginevyo? Nilikuwa na dada. Alikuwa mahali pabaya bara, na baba, kwa kugonga vile vidude vya kompyuta kila jioni, alikuwa akiwaandikia wakubwa wamwachilie. Niliona ni uungwana kutouliza zaidi. Kwetu tulifundishwa kwamba mambo mazito hayadodoswi.

Ile furaha siwezi kuieleza vizuri, na wala sitaki kuifanya ndogo kwa kuwa ilikuwa ya kijinga. Nilianza kulala upande wa ukutani nikimwachia nafasi. Nilikata hamri langu la asubuhi nikamwekea nusu kwenye kopo, mpaka sisimizi wakamaliza. Saa nane ilipofika na watoto wakaenda chuo, sikuzungumza tena na paka. Nilizungumza na Rehema. Nilimweleza ni ngazi ipi imevunjika, ni punda yupi anauma, na kwamba Swafiya ni mzuri lakini anapenda kushinda. Nilimwambia akija tutakuwa wawili na saa nane haitatutisha.

Jumamosi baba alikwenda gatini kusubiri gazeti kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, nami nikang'ang'ania kufuatana naye. Alidhani napenda mashua. Wakati yeye akizungumza na walimu wenzake, mimi nilikagua kila mtoto aliyeshuka. Mashua za kwenda Mtangawanda nazo zilikuwa zikipakia magunia ya unga na kina mama wa Pate na kuku wao, na hapo nilichoka kutazama, kwa sababu hao walikuwa wakiondoka na mimi nilitaka wanaofika. Jumamosi moja alishuka msichana mwembamba mwenye gauni la kijani, mtungi wa plastiki wa manjano mkononi, peke yake. Nilimwacha baba na gazeti lake nikamfuata, tukapita sokoni, tukapanda kuelekea Wiyoni, yeye mbele na mimi nyuma, nikitafuta namna ya kuanza. Mwishowe aligeuka akaniuliza namfuata kwa nini.

Nilimuuliza kama yeye ni Rehema. Alinitazama kuanzia viatu mpaka utepe wa kichwani, akasema hapana, akaenda zake. Sikuijua njia ya kurudi. Baba alinikuta nimekaa kwenye kizingiti cha duka la watu, na mama alinichapa mara moja tu kisha akanikumbatia muda mrefu, na sikumwambia mtu nilikuwa namfuata nani.

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa na baada ya wali. Baba alikuwa ameandika sura yake tangu alfajiri, na uso wake ulikuwa na ile raha ya mtu aliyepatia. Mama alikuwa akikunja nguo. Baba akasoma kwa sauti. Askari walimngoja Rehema kisimani. Walitaka awape majina yote aliyoyabeba, akakataa, wakamnyima maji mpaka akaishiwa nguvu, akafia pale pale, midomo ikiwa imefungwa. Nilisikia kila neno. Nilikuwa chini ya meza, nikiwatengenezea nafasi mwanasesere wangu na yule niliyemwekea Rehema.

"Umemuua," mama alisema.

"Hapakuwa na njia nyingine, Mama Joy. Nimejaribu zote."

"Umemuua mwanangu, na umekaa hapo."

Baba alitabasamu. Maskini, alidhani anasifiwa sura yake. Mama aliweka chini foronya iliyokuwa mkononi, akaingia chumbani, nikasikia komeo. Baba akabaki na tabasamu ambalo hajui aliweke wapi, kisha akasema, kwa kompyuta zaidi kuliko kwangu, kwamba mama atazoea.

Nilishuka ngazi. Nakumbuka nilishuka vizuri, nikiiruka ile iliyovunjika. Bi Rukia alikuwa dakani kwake akichagua mchele kwenye ungo.

"Walia nini, mwanangu?" aliniuliza, akinitazama macho. "Mato yamekwiva."

Nikamwambia Rehema amekufa. Akauliza Rehema ni nani. Nikasema ni dada yangu, alikuwa kwenye mji usio na maji, wakamnyima maji, na baba amesema hapakuwa na njia nyingine, na mama amejifungia chumbani.

Bi Rukia hakuniuliza la pili. Kila mtu pwani alikuwa akisikia redioni habari za ukame wa bara, na jirani aliyefiwa ni jirani aliyefiwa, hata kama alikurudishia sahani tupu. Aliweka ungo chini. "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akasema, akavaa buibui lake, akaanza kugonga milango.

Mambo ya msiba Lamu hayana mwito wala kamati. Alasiri haijatulia, kichochoro kilikuwa kimejaa. Wanaume walipotoka kuswali walikuja moja kwa moja, wakatandika majamvi, birika la kahawa likafika. Baba alikutwa mlangoni na fulana ya ndani. Mwanzo alidhani tangi letu la maji limevuja tena na majirani wamekuja kulalamika, akaanza kuomba radhi. Wakampa mkono mmoja mmoja, wakimwambia Mola ampe subira. Ndipo akadhani susu amefariki na habari imefika mtaani kabla haijamfikia yeye, akakimbilia simu akapiga Kitui, na susu mwenyewe akapokea akamuuliza mbona anahema.

Kina mama hawakumngoja. Walivua viatu wakapanda na sinia zao chini ya kawa, tano au sita, na chumba chetu ambacho hakijawahi kupata mgeni kikajaa buibui na harufu ya udi. Mtu alinipa kikombe cha kahawa nimshikie, akanisahau. Nilikaa nacho ngazini, pale juu, ambapo niliweza kuona ndani.

Mama alifungua komeo kwa sababu ya sauti. Alisimama mlangoni na macho yake mekundu, na Bi Rukia akamfungulia mikono.

"Makiwa, mwanangu," alimwambia. "Mwana ni mwana."

Mama hakuuliza wamejuaje. Hilo ndilo ambalo nimelifikiria miaka yote hii. Mwanamke mwenye akili, karani, mtu wa kuuliza nani kasaini na kwa nini, alianguka kwenye bega la jirani ambaye hawajawahi kula pamoja, akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Wale wengine wakamzunguka. Mmoja alimpangusa uso kwa leso yake mwenyewe.

Kisha baba, aliyekuwa ameambiwa kule chini marehemu ni nani, akapanda mbio, simu mkononi, jasho likimtoka.

"Kina mama, samahani sana," alisema. "Kuna makosa. Huyu Rehema si mtu. Ni wa kitabu tunachoandika. Hakuna aliyekufa hapa."

Mwanamke mmoja alifyonya. Mwingine alianza kutafuta viatu vyake kwa mguu, bila kutazama chini. Nami pale ngazini nilihisi kitu ambacho hadi leo sijakihisi tena. Dakika moja kabla nilikuwa na dada aliyekufa, na hilo lilikuwa baya, lakini aliyekufa alikuwepo. Sasa baba alikuwa amemchukua kabisa, na upande wa kitanda niliomwachia ulikuwa mtupu tangu mwanzo.

Bi Rukia hakuwa amemwachia mama. Alimuuliza taratibu kama ni kweli.

"Ni wa kitabu," mama alisema. "Na ni wangu."

Akaeleza, uso wake ukiwa bado begani kwa Bi Rukia, kwa sauti ya chini iliyofanya kina mama wasogee. Kabla yangu alizaa mtoto mwingine, huko kwa susu, mtoto wa mimba ya miezi tisa kamili, msichana mwenye nywele nyingi. Hakulia. Wanawake wa boma walimchukua, wakamzika nyuma ya ghala jua halijapanda, hakuna wimbo, hakuna jina, kwa sababu huyo hakuhesabiwa kuwa amekuja. Mama aliambiwa asimtazame. Aliambiwa atapata mwingine, na akampata, na ndiye mimi.

"Maziwa yalikuja," mama alisema. "Mtoto hakuna, na maziwa yalikuja. Sikujua niyapeleke wapi."

Baba aliteleza ukutani akakaa chini. Huyo ndiye mtu aliyekaa naye meza moja jioni zote zile, akimkaushia Rehema visima, akimletea askari, akijisifu kwa milango aliyoifunga, na hakujua. Habari ya mtoto yule alikuwa nayo, ila jina la Rehema alikuwa amefikiri mama kalipenda tu. Wanaume wengine wana digrii ya kusoma ramani na hawajui wamesimama wapi. Alianza kusema jina la mama, lile la ujanani ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja mbele za watu, akashindwa kulimaliza.

"Basi hatukuya bure," Bi Rukia alisema. Halafu akauliza, "Na huyo mtoto ndiye Rehema?"

"Ndiye. Sijawahi kumwambia mtu."

"Kwetu twaambiwa mtoto aliyetangulia humngojea mamake kwenye mlango wa pepo. Hakubali kuingia peke yake."

Yule mwanamke aliyekuwa akitafuta viatu aliviacha, akakaa. Wote wakakaa. Wakaomba dua yao, na mwishoni mama akaitikia amina, neno ambalo sote tunalo. Chini, kichochoroni, wanaume waliendelea kunywa kahawa na kumzungumzia marehemu mtoto kwa heshima. Hakuna aliyewashukia kuwaeleza vinginevyo.

Kwa siku tatu hatukuwasha moto nyumbani, ndiyo desturi, na chakula kililetwa asubuhi na jioni. Siku ya nne mama alikuwa na mlima wa sinia za watu. Alimwendea Bi Rukia akiwa ameshika moja kifuani, akamuuliza kwa haya, kama mtu anayeomba kitu kikubwa, je, akipika yeye, watakula? Akamweleza habari ya ile futari ya kwanza. Bi Rukia alicheka mpaka akaegemea mlango. Miaka yote hiyo alikuwa akiamini mama anajivuna kwa kuwa ana kazi ya ofisi. Mama akapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaupeleka chini ya kawa. Bi Rukia alikula akamaliza, kisha akatoa hukumu kwamba upishi si mbaya ila mpishi kasahau tui.

Baba alitaka kuifuta ile sura. Nilimsikia akimbembeleza, akisema atamfufua Rehema, atamtoa kisimani, hata malaika atawaruhusu. Mama alikataa. Alimwambia sheria ni sheria, amekwisha kufunga mlango, sasa amwache atafute dirisha. Na akalitafuta muda mrefu, miezi, akipiga pasi. Alichoandika mwishowe ni kwamba siku Rehema alipokufa, watu wa Mji wa Vumbi walisikia kuna msiba mahali, hawajui wa nani, wakatoka nyumbani mwao na maji kidogo waliyokuwa nayo kwenye vyombo vilivyofunikwa. Na kwa kuwa mtu hawezi kumpa mfiwa pole bila kumtaja marehemu, walilitaja jina, wa kwanza, wa pili, mpaka askari wakachoka kuhesabu makosa. Kitabu kilichapishwa baadaye, nakala chache, kikauzwa makanisani. Sijui wangapi walikisoma. Nakala nyingi ziliishia kwa mchwa nyumbani kwa susu.

Mtaa nao ulifanya lake. Pwani na bara, mama huitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Tangu Jumapili ile hakuna mtu Langoni aliyemwita tena Mama Joy. Wote walimwita Mama Rehema, na kila alipoitikia uso wake ulikuwa ukifunguka kidogo. Ngazi zetu zilikanyagwa mpaka ile mbovu ikatengenezwa. Mama alipata shoga, baba alipata watu wa kucheza bao nao, nyumba ikajaa.

Mimi nilirudi kwenye baraza. Saa nane watoto walikwenda chuo kama kawaida. Jina la mama lilikuwa langu, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho peke yangu na kukipenda, na sasa lilikuwa limepewa dada ambaye hata sikuruhusiwa kumngoja tena. Nilikuwa nimemtandikia, nimemkatia hamri, nimemfuata mtu baki mpaka Wiyoni. Wote walipewa mkono wa pole siku ile. Mimi nilipewa kikombe cha kahawa cha mtu. Sikumlaumu yeyote, nilikuwa mdogo mno kwa lawama, lakini nililala upande wa ukutani mpaka tulipohama Lamu, na hata leo, nikiwa na kitanda kizima changu, naamka nimejibana pembeni.

Uhamisho ulipokuja Bi Rukia alitusindikiza gatini na sinia ya safari, akamwambia mama kawa hii asiirudishe. Ndiyo hiyo iliyo ukutani kwangu.

Mama tulimzika Kitui, nyuma ya ghala, kwa matakwa yake. Sikulia. Nilisimamia wapishi, nikalipia hema, nikasoma wasifu wake kwa sauti kavu, na jamaa wakanisifu kwa kuwa jasiri. Wiki moja baadaye, nikiwa nimesharudi Nairobi, Swafiya alipiga simu. Yeye sasa ni mwalimu na ana watoto wake. Tulisalimiana, akanipa pole, kisha akasema nyanya anataka kuzungumza na mimi, haoni tena lakini kichwa kizima.

"Joy," Bi Rukia alisema, na sauti ilikuwa ile ile ya kuamrisha, imekonda tu. "Mamako keshafika kwa mwanawe. Makiwa yake nimempa babako jana. Wewe nakupa ya dadako."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikamwambia asante, Bi, hayo yalikwisha zamani.

"Hayakwisha. Siku ile tulimpa mkono mamako, tukampa babako. Wewe ndiwe uliyekuya kwangu ukilia, ukakaa ngazini na kahawa ya watu. Nalikuona. Nikasema nitamrudia huyu, na sikukurudia. Makiwa, mwanangu."

Nilikuwa nimesimama jikoni. Nilikaa chini sakafuni na simu sikioni, nikalia kwa ajili ya msichana mwenye mtungi ambaye hakuwahi kushuka gatini, na kwa ajili ya mama, wote wawili kwa mara moja, bila aibu. Bi Rukia hakukata simu. Alingoja upande wa pili mpaka nilipomaliza.